Kuzuia utumwa wa kisasa kwa wazabuni wako: ulinganisho wa njia nne kwa kampuni ndogo ya huduma

Kampuni ndogo ya huduma, iwe ofisi ya utalii Arusha, kliniki ya meno Mwenge au hoteli ya vyumba 20 Moshi, huwa na wafanyakazi wachache inaowajua kwa majina. Kisha ina watu wengine wanaoihudumia kila siku bila kuwa kwenye orodha yake ya mishahara: mlinzi wa getini, dada wa usafi, wa dobi, anayeleta chakula cha mchana. Hao wameajiriwa na mzabuni, yaani kampuni nyingine inayokuuzia huduma. Ukitaka kujua kama kuna kazi ya shuruti kwenye mnyororo wako wa ugavi, anzia kwao kabla ya kufikiria kiwanda cha mbali kilichotengeneza glavu au kushona sare.

Mara nyingi jambo hili huanza na fomu kutoka kwa mteja. Sheria ya Utumwa wa Kisasa ya Uingereza ya 2015, kifungu cha 54, inazitaka kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka zitoe taarifa ya hatua walizochukua. Wewe hujafika huko, lakini wakala wa London anayekuletea wageni huenda amefika, na maswali yake yatashuka hadi kwako. Hata bila fomu hiyo, sheria ya nyumbani haiangalii ukubwa wa kampuni. Ibara ya 25 ya Katiba ya 1977 inakataza kazi ya shuruti, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaikataza katika kifungu cha 6. Ipo pia Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008. (Saa na makato yatakayotajwa hapa ni ya Tanzania Bara. Aliye Zanzibar asome Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005.)

Shirika la Kazi Duniani, ILO, na wenzake walikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi ya shuruti. ILO ina viashiria 11 vya kuitambua. Kwenye huduma za ulinzi na usafi, vya kutazamwa kwanza ni hivi: mshahara kuzuiwa, vyeti au kitambulisho kushikiliwa, deni lisiloisha, saa za ziada kupita kiasi, vitisho, na kudanganywa kuhusu kazi yenyewe. Kiashiria kimoja peke yake hakitoshi kusema kuna utumwa. Mshahara uliochelewa wiki mbili ni uvunjaji wa sheria ya kazi. Lakini mshahara wa miezi mitatu usiolipwa, cheti cha kidato cha nne kilichofungiwa kabatini kwa mwajiri, na kauli ya "ukiondoka umesamehe vyote", vikikutana kwa mtu mmoja, mtu huyo hawezi tena kuacha kazi. Hapo ndipo mpaka umevukwa.

Vigezo vya kulinganisha

Njia zinazotumika ni nne: karatasi, kukagua mwenyewe, mkaguzi wa nje, na njia ya malalamiko ya wafanyakazi. Zipime zote kwa mambo haya: gharama ya pesa na muda, inaona nini na inafika mbali kiasi gani, mfanyakazi anayesema ukweli anabaki salama kiasi gani, na ushahidi gani unabaki mkononi mwako mteja akiuliza. Ongeza jambo moja linalosahaulika, nalo ni uzito wako kwa mzabuni. Ukiwa na lindo moja kati ya malindo 200 ya kampuni ya ulinzi, hutasikilizwa kama mwenye malindo 20.

Njia ya kwanza: karatasi

Hii ni kanuni za maadili kwa wazabuni (ukurasa mmoja unatosha, uwe kwa Kiswahili), dodoso, na vifungu ndani ya mkataba.

*Gharama.* Siku mbili au tatu za mtu mmoja, na wakili wa kupitia vifungu. Hakuna njia iliyo nafuu kuliko hii.

*Inaona nini, inafika wapi.* Inaona kile mzabuni anachokubali kukiandika. Swali la "Je, mnatumia kazi ya shuruti?" litajibiwa "Hapana" na kila mtu. Uliza yanayohitaji tarakimu au jina: Mlinzi wa lindo letu analipwa kiasi gani kabla ya makato? Anakatwa nini, na kwa kiasi gani? Mshahara wa mwezi uliopita ulilipwa tarehe ngapi? Vyeti halisi vinatunzwa na nani? Mlinzi akiugua, nani anashika lindo? Majibu ya tarakimu yanaweza kulinganishwa baadaye na slipu za mshahara.

Kwenye mkataba weka vifungu ambavyo kuvunjwa kwake kunaonekana: mfanyakazi hatozwi ada yoyote ili apate kazi, nyaraka halisi hazishikiliwi, mshahara unalipwa tarehe iliyotajwa, mteja awe amelipa au hajalipa, una haki ya kuona slipu na uthibitisho wa michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), kazi haigawiwi kwa kampuni nyingine bila ridhaa yako ya maandishi, kasoro ikipatikana kuna siku 30 za kurekebisha kabla mkataba haujavunjwa.

Kwa bidhaa za mbali, karatasi inafika kusikofikiwa na njia nyingine. Chukua glavu za mpira za usafi. Julai 2020 forodha ya Marekani ilizuia glavu za kampuni tanzu za Top Glove ya Malaysia kwa sababu ya kazi ya shuruti, na Machi 2021 ikalikaza zuio hilo. Lililegezwa Septemba 2021, baada ya wafanyakazi kulipwa zaidi ya dola milioni 30, yakiwemo marejesho ya ada walizotozwa ili wapate kazi. Kampuni ya watu 15 haiwezi kwenda kukagua kiwanda Malaysia. Inaweza kumuuliza muuzaji wa Kariakoo jina la mtengenezaji lililoandikwa kwenye boksi, kisha kulitafuta kwenye orodha ya mazuio ya forodha ya Marekani, ambayo iko wazi mtandaoni. Ni kazi ya nusu saa.

*Usalama wa anayesema.* Hakuna anayeulizwa isipokuwa mwajiri, hivyo hakuna anayehatarishwa wala anayesaidiwa.

*Ushahidi.* Unapendeza kwenye faili. Mteja makini atauliza nini kilifuata baada ya dodoso.

*Inamfaa* anayeanza, mwenye wazabuni wengi wa bidhaa, na asiye na uzito kwa mzabuni. Kwa huduma zenye watu wengi wa kipato cha chini haitoshi peke yake.

Njia ya pili: kukagua mwenyewe

Hii ina sehemu tatu: kuhesabu bei, kusoma slipu, na kuzungumza na watu. Tutakaa hapa kidogo, maana ndiyo inayoifaa zaidi kampuni ndogo kwa watu walio karibu nayo, na ndiyo inayoharibiwa mara nyingi kwa haraka.

*Gharama.* Siku moja ya hesabu kabla ya kusaini, na nusu siku kila baada ya miezi mitatu. Fedha ni kidogo. Gharama kubwa ni kwamba baada ya hesabu huenda ukalazimika kulipa zaidi.

*Inaona nini.* Anza na bei. Lindo la saa 24 kwa siku saba ni saa 168 kwa wiki. Sheria inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, yaani wastani wa 12.5. Jumla ni 57.5 kwa mtu mmoja. Kwa hiyo lindo hilo linahitaji walinzi watatu kwa uchache. Wakiwa wawili, kila mmoja anafanya saa 84.

Sasa weka shilingi. Tuseme mshahara wa msingi ni 300,000 (huu ni mfano, wewe tumia kima cha chini cha amri ya mishahara inayotumika sasa kwa sekta husika). Mwezi una saa 195 za kawaida (45 kwa wiki, mara wiki 4.33), hivyo saa moja ni kama 1,538, na saa ya ziada, mara moja na nusu, ni 2,308. Walinzi watatu wakigawana saa 168, kila mmoja anafanya 56 kwa wiki, ambapo 11 ni za ziada. Hizo ni kama 110,000 kwa mwezi. Mlinzi mmoja anafika 410,000. Ongeza 10% ya mwajiri ya NSSF, ni 451,000. Watatu ni 1,353,000. Nyongeza ya usiku ya 5%, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ni kama 23,000. Wa kushika nafasi wakati wa likizo ya siku 28 ni kama 104,000. Unafika karibu 1,480,000 kabla ya WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), sare, usimamizi na faida.

Mzabuni akikuletea bei ya 850,000 kwa lindo hilo, rudisha hesabu nyuma: walinzi wawili kwa 300,000 kila mmoja pamoja na NSSF ni 660,000, na 190,000 inayobaki ni ya ofisi. Hakuna hata senti ya saa za ziada. Kila mlinzi anafanya saa 39 za bure kwa wiki, na wewe ndiye uliyesaini bei hiyo. Mwombe kila mzabuni mchanganuo wa namna hii kabla ya kufungua bei za wengine. Anayelipa kwa haki hataona tabu kuutoa.

Kisha slipu. Omba za miezi mitatu za watu wa lindo lako tu, uziweke kando ya OB, kile kitabu cha kukabidhiana zamu. Tazama saini ya saa 12 jioni na ya saa 12 asubuhi. Jina lilelile likionekana kurasa za mchana na za usiku kwa siku mfululizo huku slipu haina saa za ziada, umepata jibu. Mara nyingine majina ni mawili na mwandiko ni mmoja. Hapo uliza mtu wa pili yuko wapi. Linganisha pia tarehe iliyo kwenye slipu na tarehe pesa zilipoingia kwenye simu au benki. Angalia makato ya sare, buti, tochi, "mafunzo" na faini. Kwa mujibu wa kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, mwajiri anayekata fidia ya hasara lazima aeleze kwa maandishi chanzo na kiasi, ampe mfanyakazi nafasi ya kujibu, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Faini ya papo kwa papo ya "kukutwa umekaa" haina nafasi hapo.

Mwisho ni mazungumzo. Yafanyike wakati wa kubadilishana zamu, msimamizi akiwa hayupo, na uongee na watu wote wa lindo ili asijulikane nani alisema nini. Usiandike majina. Usianze na maneno makubwa. Uliza habari za kazi. Swali linalofungua mengi ni hili: "Ukitaka kuacha kazi mwezi huu, wanakudai nini, na wewe unawadai nini?" Linaleta deni, mshahara uliozuiwa na vyeti vilivyoshikiliwa kwa pamoja, bila kumlazimisha mtu ajiite mtumwa.

*Inafika wapi.* Inaishia kwa mzabuni wa kwanza. Aliyeshona sare humuoni.

*Usalama wa anayesema.* Hapa ndipo panapoharibika. Umesikia neno zito, umekasirika, unampigia mkurugenzi wa kampuni ya ulinzi siku hiyohiyo. Kabla wiki haijaisha mlinzi amehamishiwa lindo la mbali, au ameambiwa hakuna kazi. Subiri. Dai lipite kwenye slipu na OB, ambavyo una haki navyo kimkataba, ili ugunduzi uonekane umetoka kwenye karatasi.

Na jikague mwenyewe. Mzabuni mdogo anayelipwa ankara baada ya siku 60 au 90 hulipa mishahara kwa mkopo, au hailipi kabisa. Kama mishahara inatoka tarehe 28, ankara yako ilipwe kufikia tarehe 25. Hakuna kanuni ya maadili itakayoziba pengo la malipo yako yaliyochelewa.

*Ushahidi.* Mchanganuo wa bei, nakala za slipu, kumbukumbu zako. Una nguvu, ila mteja mkubwa anaweza kutaka jicho lisilo lako.

*Inamfaa* mwenye wazabuni wachache wa huduma, walio karibu, na mwenye mtu mtulivu wa kuifanya. Haimfai anayetaka tu kuweka tiki kwenye fomu.

Njia ya tatu: mkaguzi wa nje

Ukaguzi unaojulikana zaidi ni SMETA wa Sedex, mfumo ambamo wazabuni huwaonyesha wateja ripoti za ukaguzi wao. Unaweza kuwa wa nguzo mbili (kazi, na afya na usalama) au nne (zinaongezeka mazingira na maadili ya biashara).

*Gharama.* Hutozwa kwa siku za mkaguzi, kulingana na idadi ya wafanyakazi, pamoja na safari. Kwa kampuni ndogo ni fedha nyingi, na zinalipiwa tena kila unaporudiwa. Kabla hujaagiza mpya, muulize mzabuni kama mteja wake mwingine ameshafanya, na aombe ridhaa ya kukuonyesha ripoti.

*Inaona nini, inafika wapi.* Mkaguzi mzuri husoma mahudhurio, mishahara na mikataba kwa jicho la kitaalamu, na anaweza kutumwa nchi nyingine. Lakini njia hii ilikuzwa viwandani, ambako watu wote wako ndani ya ukuta mmoja. Walinzi waliotawanyika malindo 40 ni kazi nyingine: mkaguzi ataona ofisi kuu na malindo machache aliyochaguliwa. Ukaguzi uliotangazwa mapema unampa mwajiri nafasi ya kuandaa rejista ya pili. Kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, Karachi, Pakistan, kilipata cheti cha SA8000, cha viwango vya haki za wafanyakazi, Agosti 2012. Tarehe 11 Septemba mwaka huohuo kiliungua, na watu zaidi ya 250 wakafa. Cheti hakikuona milango iliyofungwa. Ukiagiza ukaguzi, dai usiotangazwa, na mahojiano yafanyike nje ya eneo la kazi.

*Usalama wa anayesema.* Wastani. Wakaguzi wana utaratibu wa usiri, lakini wakiondoka wameondoka, na mfanyakazi anabaki na bosi wake.

*Ushahidi.* Wenye nguvu kuliko wote machoni pa mteja wa nje.

*Inamfaa* ambaye mteja wake ameudai kwenye mkataba, mwenye mzabuni mmoja mkubwa wa hatari, au kampuni kadhaa zinazoweza kuchangia gharama za mzabuni mmoja.

Njia ya nne: njia ya malalamiko

*Gharama.* Simu moja, laini moja, na mtu anayejibu ndani ya saa 48. Mtu huyo ndiye gharama halisi, maana lazima awe na muda na asiwe ndugu au rafiki wa mzabuni.

*Inaona nini, inafika wapi.* Inaona yanayotokea siku ambazo hakuna mkaguzi: msimamizi anayedai chake kila mwisho wa mwezi, dada wa usafi anayetishwa au kutakwa kimapenzi ili abaki kwenye zamu. Inafika kokote ambako tangazo lake limefika. Libandike kwa Kiswahili, ndani ya choo cha wafanyakazi, mahali mtu anasoma bila kuonekana anasoma. Kibandani, mbele ya msimamizi, watalipita tu.

Ukimya wa miezi sita usiuhesabu kama amani. Mara nyingi una maana kwamba namba haiaminiki, au wa kwanza aliyepiga hakujibiwa. Chama cha wafanyakazi kama TUICO au CHODAWU kinaweza kuwa mlango bora kuliko namba yako, kwa sababu kinabaki na mfanyakazi hata mkataba wako na mzabuni ukiisha.

*Usalama wa anayesema.* Unategemea kabisa nani anashika simu. Anayeishika ajue muda wa kisheria: madai ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Ukikaa na lalamiko la mshahara miezi miwili "ukilifanyia kazi", utakuwa umempotezea mtu haki yake.

*Ushahidi.* Rejista ya malalamiko na hatua zilizochukuliwa, bila majina. Wachache huwa nayo, na inaheshimika.

*Inamfaa* mwenye watu waliotawanyika, au aliye kwenye jengo la pamoja ambapo wapangaji kadhaa wanaweza kushirikiana namba moja. Haifai kama hakuna aliye tayari kuchukua hatua. Namba isiyojibiwa inamvunja mtu moyo kuliko kutokuwa na namba.

Ukikuta tatizo, kwa njia yoyote

Usivunje mkataba papo hapo, isipokuwa mtu yuko hatarini. Ukimfukuza mzabuni leo, walinzi wanaodai miezi mitatu watakuwa wameipoteza. Mpe siku zilizoandikwa, dai malimbikizo yalipwe na vyeti virudishwe, na kwa makubaliano ya maandishi ya pande tatu ankara inayofuata unaweza kuwalipa wafanyakazi moja kwa moja. Panapokuwa na nguvu, kufungiwa, usafirishaji wa watu au mtoto kazini, jambo hilo si la kujadiliana na mzabuni tena. Piga 112, au 116 kwa mtoto, au nenda dawati la jinsia na watoto la polisi. Makosa ya mishahara na saa yapeleke kwa ofisa kazi wa mkoa.

Uchague ipi, kwa hali ipi

Una mlinzi na msafishaji wa mzabuni, na huna bajeti: fanya hesabu ya bei wiki hii, weka vifungu mkataba unapohuishwa, soma slipu kila robo mwaka. Piga pia hesabu ya kumwajiri msafishaji moja kwa moja. Kwa mtu mmoja au wawili, mara nyingi tofauti ya gharama ni ndogo, na tatizo la mzabuni linaondoka.

Mteja wa nje anataka jibu ndani ya mwezi: peleka karatasi na mchanganuo wa bei, eleza wazi ambayo hujayakagua na lini utayakagua. Usimwahidi ukaguzi wa nje usioweza kuulipia.

Huna uzito kwa mzabuni: kabla ya kuhama, tafuta wapangaji wenzako au majirani wanaomtumia yeye. Malindo sita yakiuliza swali moja kwa siku moja, litajibiwa. Hapo namba ya malalamiko ya pamoja, au ukaguzi wa kuchangia, vinawezekana.

Hatari yako kubwa iko kwenye bidhaa (sare, glavu, chai, taulo za hoteli): fuata karatasi, jina la mtengenezaji na orodha za mazuio, na ripoti zilizokwisha kufanywa. Kutembelea duka la Kariakoo hakutakuonyesha lolote.

Tayari umesikia fununu kuhusu mzabuni fulani: acha dodoso, litamwamsha. Anza na slipu na OB, kisha mazungumzo ya zamu, na mtafute ofisa kazi mapema, huku siku 60 za CMA zikihesabiwa tangu mgogoro ulipoanza.